Tuliiita Betri Kavu

Nilipoanza kazi ya betri kwenye mwalo wetu, hapa mkoani Mwanza, karabai zilikuwa zinaelekea mwisho. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanaziacha moja moja na kununua taa za umeme, zile za balbu ndogo nyeupe zinazoelea juu ya maboya, kila taa na betri yake. Mteja akiingia dukani alikuwa anauliza, "Fundi, unayo kavu au ya maji?" Ya maji ni ile ya gari ya zamani, yenye vifuniko sita juu, ambayo unaifungua na kuiongezea maji. Kavu ni ile iliyozibwa pande zote. Unaweza kuilaza ubavu ndani ya mtumbwi, ikagongwa na wimbi usiku kucha, na tone lisitoke.

Kwa miaka kama tisa niliziuza, nilizichaji na nilizitengeneza nikiliamini jina hilo. Naandika ushuhuda huu kwa sababu jina hilo lilimharibia kijana wangu wa kazi jicho la kushoto, na kwa sababu kila duka la sola ninaloingia bado nalisikia.

Asiyejua uvuvi wa dagaa nimweleze kidogo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Kwa hiyo kuna siku za mbalamwezi, mitumbwi imepandishwa nchi kavu na nyavu zinashonwa, na kuna siku za giza, ambazo mwalo mzima haulali. Siku ya kwanza ya giza ndiyo siku ya mtihani kwa mtu wa betri. Betri zilizolala tupu wiki nzima zinaletwa zote mchana mmoja, na kila tajiri anataka za mtumbwi wake ziwe tayari kabla jua halijazama. Betri ya risasi ikiachwa tupu muda mrefu, pleti zake huota ukoko mgumu, haipokei chaji upesi. Mimi kwa ugonjwa huo nilikuwa na dawa moja: chaja kubwa ya gari, ya kizamani, yenye transfoma nzito na swichi ya "chini" na "juu". Niliiweka juu.

Nilikuwa na utaalamu mwingine niliojivunia sana, wa kufufua betri. Nilichokoa kifuniko cha juu kwa bisibisi, nikang'oa vile vizibo vya mpira vilivyo chini yake, nikadunga maji kwa bomba la sindano, nikarudishia na gundi. Betri ilipata uhai wa miezi miwili. Vile vizibo vya mpira sikujua kuwa ni vali, kwamba ndiyo pumzi ya betri, na kwamba nikivibana kwa gundi nimeziba pua ya kitu kinachopumua gesi ya kulipuka. Walionifundisha hawakujua, na mimi nikamfundisha kijana wangu hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Korona. Giza lilikuwa linaanza usiku huo. Mchana, bodaboda alileta gunia la betri nne za tajiri mmoja, na akasema njiani moja ilidondoka. Niliitoa nikaitazama. Ubavu mmoja ulikuwa umetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na kwenye kona ya chini kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na unyevu kidogo. Nikaufuta unyevu ule kwa kitambaa. Nilidhani ni maji ya ziwa, maana betri yenyewe ni kavu. Nikazungushia solotepu mara tatu, nikaiunga kwenye chaja pamoja na wenzake.

Baada ya kama saa nzima kijana akasema, "Fundi, kuna kitu kimeoza." Na kweli, harufu ya mayai viza ilikuwa imejaa dukani. Nje kulikuwa na dagaa wameanikwa mchangani, na mwaloni harufu si jambo la kumshtua mtu. Muda kidogo mbele ile harufu ikapotea, nami nikasahau. Nilipopita karibu na ile betri nikaigusa, nikaondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama birika.

Nikamwambia, "Itoe hiyo, iweke nje ipoe."

Maneno hayo ni yangu na nimeyabeba mpaka leo. Sikumwambia azime chaja kwanza. Alishika kibanio cha chanya akakivuta umeme ukiwa unapita, cheche ikaruka, na betri ikapasuka. Mlio wake haukuwa mkubwa, ulikuwa kama wa tairi la baiskeli. Kipande cha kasha kiligonga mabati ya dari. Nilipogeuka kijana alikuwa amesimama palepale, viganja viwili juu ya uso, na shati lake limelowa kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Watu walijaa mlangoni na kila mmoja na dawa yake. Mmoja alikuja na pakiti ya maziwa. Mwingine alisema mafuta ya kula, mwingine dawa ya meno. Mimi, fundi mwenye duka, nilikuwa natafuta kitambaa safi. Aliyejua la kufanya alikuwa mama lishe wa jirani, ambaye alikuwa anaosha sahani. Alikuja na ndoo yake ya lita 20 na jagi, akatusukuma wote, akamkalisha kijana chini na kumlaza kichwa upande wa kushoto ili maji yasiingie jicho la pili. "Fumbua, mwanangu, fumbua." Hakuweza kufumbua. Mama yule alimpanua kope kwa vidole vyake mwenyewe na kummiminia maji taratibu, jagi baada ya jagi, huku akituagiza tumvue shati. Siku nyingine nilimuuliza alifundishwa wapi. Akanijibu kwamba hakufundishwa popote: kitu kikali kikiingia mwilini kinaondolewa kwa maji, mengine baadaye.

Ndoo iliisha kwa dakika kama tano. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilitokana na kutojua, na hili lilitokana na haraka. Mama alikuwa anaita ndoo nyingine. Mimi nikasema, "Inatosha mama, tumuwahishe zahanati." Tukampakia katikati kwenye pikipiki na tukaenda dakika 20 za vumbi. Dakika zote hizo tindikali iliyobaki jichoni ilikuwa kazini.

Tabibu wa zahanati hakuuliza betri ilikuwa ya aina gani. Aliuliza, "Mmemwosha dakika ngapi?" Nilipojibu hakusema neno. Alitundika chupa ya maji ya dripu, akaelekeza mrija jichoni, na akaosha kwa karibu nusu saa kabla hajafanya jambo jingine lolote. Ndipo akaandika barua ya kwenda hospitali ya mjini.

Jicho halikufa. Lakini kioo cha mbele cha jicho kilibaki na kovu, na mwenyewe anasema akifumba la kulia anaona kama anatazama kupitia mfuko wa nailoni. Kifuani na pajani ana mabaka. Shati lake lilirudi nyumbani likiwa zima. Mama yake alipolifua kesho yake lilichanikachanika mikononi kama limeliwa na panya. Nililiona shati lile likiwa limetundikwa kambani siku nilipokwenda kumjulia hali. Mama mtu hakunilaumu hata kidogo. Alinikaribisha chai.

Sikufungua duka siku kadhaa. Nilikuwa na boksi la betri mpya ambalo ndani yake mlikuwa na kijikaratasi cha Kiingereza, maandishi madogo, ambacho kwa miaka yote nilikuwa nakitupa pamoja na nailoni. Safari hii nilikibeba nyumbani. Binti yangu mkubwa alikuwa kidato cha tatu, anasoma kemia. Tulikaa jikoni yeye akasoma mstari kwa mstari, akinieleza kwa Kiswahili, na tulipofika kwenye mchoro wa ndani ya betri akaweka kidole na kusema, "Baba, hii si kavu. Hii ni sifongo."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Ndani ya kasha kuna pleti za risasi, na katikati ya pleti kuna mkeka wa nyuzi nyembamba za kioo, umefyonza tindikali kama sifongo linavyofyonza maji. Aina nyingine ina tindikali iliyochanganywa na unga wa silika ikawa nzito kama uji. Hiyo ndiyo ya jeli. Lakini tindikali ni ileile ya betri ya gari. Ni asidi ya salfuriki, na kama theluthi ya uzito wa maji yale ni asidi tupu. Betri hii imezibwa tu, haijakaushwa. Kasha likipasuka, sifongo linavuja, na ule unyevu niliofuta kwa kitambaa kwenye kona haukuwa maji ya ziwa.

Mengine yalifuata yenyewe. Betri inapochajiwa, sehemu ya maji yake huvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Katika betri iliyozibwa gesi hizo hukutana humo ndani na kurudi kuwa maji, ndiyo maana haiongezwi maji. Lakini ukiisukuma kupita kiasi zinazalishwa upesi kuliko zinavyorudi, vali inafunguka, na gesi inatoka nje. Haidrojeni ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja inatosha. Betri za mkeka za volti 12 hutaka chaji ya volti 14.4 hadi 14.7, na ikishajaa iachiwe kwenye 13.5 au 13.8. Nilichukua mita nikapima ile chaja yangu ikiwa kwenye "juu". Ilisoma zaidi ya 16. Juu ya hapo, betri ikipata joto huvuta umeme zaidi, na umeme huo unaiongezea joto, na joto linavuta umeme, mpaka kasha linalainika na kutuna. Kutuna kwa betri ni ishara kwamba safari hiyo imeshaanza.

Na ile harufu ya mayai viza ni gesi nyingine, ya salfa, inayotoka betri ikiwa imeungua ndani. Ni sumu. Jambo lililonitisha zaidi katika kijikaratasi kile kizima ni kwamba gesi hiyo ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa. Siku ile harufu ilipopotea nilidhani hatari imepita, kumbe pua zetu ndizo zilizokuwa zimezimika.

Nilirudi dukani nikiwa mtu mwingine, na nasema hivyo bila kujisifu, maana mabadiliko yenyewe yalikuwa ya aibu kwa unyepesi wake. Yote yaliyohitajika yalikuwepo sokoni siku zote. Chaja ya zamani niliiuza kama chuma chakavu ili asije akaitumia mtu mwingine, nikanunua inayojipima na kujipunguza yenyewe. Ilinigharimu faida ya giza mbili. Nilitoboa ukuta juu na chini kwa ajili ya kupitisha hewa. Haidrojeni ni nyepesi, inakimbilia juu, kwa hiyo tundu la juu ndilo lenye kazi. Jiko la chai likatoka nje. Miwani ya plastiki ya kuzunguka macho na glavu za mpira zikaning'inia msumarini mlangoni, mahali ambapo huwezi kuifikia betri bila kuzipita.

Magadi nilinunua kilo 5, haya haya ya kupikia makande. Tindikali ikimwagika sakafuni tunaizungushia mchanga isitambae, kisha tunanyunyiza magadi kutoka pembeni kuelekea katikati. Yanachemka, yanatoa povu kama soda iliyotikiswa, na tunaendelea kunyunyiza mpaka yanyamaze. Yakinyamaza tindikali imekwisha nguvu. Tope lake tunalizoa kwa kibao cha plastiki na kulifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu lina risasi ndani, na zamani tulikuwa tunalisukumia kwenye mtaro unaoishia ziwani, tulikochota maji ya kunywa. Lakini magadi ni ya sakafu tu. Watu wengi wakishajua kwamba yanaua tindikali wanataka kumpaka mtu. Kwenye ngozi na kwenye jicho ni maji, maji peke yake, na mengi. Na kama mtu amemeza, kwa mfano mtoto aliyelamba, asitapishwe. Tindikali iliyochoma koo wakati wa kushuka italichoma tena wakati wa kupanda. Asukutue, apewe maji anywe, akimbizwe hospitali.

Korona ilipoingia mwaka 2020, kila duka lilitakiwa kuwa na ndoo yenye koki ya kunawia mikono. Wengine walipoziondoa, mimi yangu niliiacha, nikaongeza ya pili. Nilichukua chupa ya lita moja na saa ya simu nikapima: koki ikifunguliwa nusu inatoa kama lita moja kwa dakika. Ndoo ya lita 20 ni dakika 20 za kuosha jicho. Nimezipandisha juu ya stuli, urefu wa kifua cha mtu, na maji yanabadilishwa kila asubuhi. Sidhani kama nimewahi kumiliki chombo cha kazi chenye thamani kuliko ndoo zile.

Lakini kuna jambo jingine ambalo ni lazima nilitaje, hata kama halihusu mlipuko. Nalo ni risasi yenyewe.

Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina uzito wa kilo kama 30, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Wavuvi wanahitaji risasi ya chubwi za nyavu. Kwa hiyo betri zilizokufa sikuzitupa. Nilizipasua kwa shoka nyuma ya nyumba yangu, nikamwaga tindikali mtaroni, nikayeyusha pleti kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa na kumimina kwenye kalibu za udongo. Watoto wangu walikuwa wanacheza hapo hapo. Walipenda kuangalia ile risasi inavyong'aa ikiwa ya moto. Vumbi la pleti niliingia nalo ndani kwenye nguo zangu, na mke wangu alizifua pamoja na za watoto.

Mwaka ule wa ajali nilianza kuuliza na kusoma, na ndipo nikakutana na habari za Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi kando ya Dakar, Senegal. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, watoto 18 walikufa pale kwa sumu ya risasi. Kilichowaua kilikuwa kazi ileile niliyokuwa naifanya uani: kupasua betri chakavu na kuchekecha risasi kwenye mchanga wanaouchezea. Karibu zaidi na sisi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua, vipimo vikaonyesha risasi mwilini mwake, na kuanzia hapo hakukaa kimya tena. Alikamatwa, alitishwa, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa kuupindua uamuzi huo, Mahakama ya Juu iliurudisha Desemba 2024.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi kuliko mtu mzima. Nilisoma hayo usiku, watoto wamelala. Asubuhi yake sufuria ile na kalibu zake niliziondoa pale, na wiki hiyo nikamwaga zege uani kote palipokuwa na jiko, ili mkono wa mtoto usiuguse tena udongo ule. Nguo za kazi sasa zinabaki dukani, zinafuliwa peke yake. Chubwi nimewaambia wavuvi watafute kwingine. Kipimo cha risasi kwenye damu zahanati yetu haina, na wanangu wakichelewa kuelewa hesabu shuleni kuna swali linanijia ambalo sina wa kumuuliza.

Betri iliyopasuka leo kwangu haiguswi ndani yake. Inawekwa wima kwenye beseni la plastiki, inafunikwa, inasubiri mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi, ambaye huichukua ikiwa nzima pamoja na tope lake. Bei yake ni ndogo kuliko ya wale wanaozipasua vichakani, na nimekubali.

Mwaka jana shule moja ilileta betri nne kubwa za sola yao. Walinzi wawili walikuwa wanashusha ya mwisho kutoka kwenye kirikuu, ikawaponyoka, ikatua kwa kona kwenye ngazi ya zege. Kasha likafunguka kama tikiti, na tindikali ikamrukia mmoja wao mguuni, kwenye kandambili, na tone moja usoni.

Sikuwahi kusema neno. Kijana wangu alikuwa ndani. Nilisikia sauti yake, "Zima ukutani!" na mwanagenzi mpya akazima chaja zote kwenye swichi ya ukutani, bila kugusa kibanio hata kimoja. Kijana alimshika yule mlinzi mabega, "Njoo mzee, kaa hapa, usijifute," akamvua kandambili, akaweka uso wake chini ya koki ya ndoo ya kwanza na mguu chini ya ya pili, akampanua kope kwa vidole vyenye glavu. Akaweka simu juu ya stuli, saa inahesabu. Dakika ya sita yule mzee akasema, "Basi kijana, imeshapoa, niache niende." Kijana akamwambia, "Mzee wangu, niangalie jicho hili." Mzee akatazama lile jicho la kushoto lenye ukungu. Hakuomba tena kuachwa.

Zilitimia dakika 20 na ndoo zikawa zimekwisha, tukawa tumeshaleta nyingine. Nje, mwanagenzi alikuwa anamwagia magadi kwenye ngazi, povu linachemka, huku akiwazuia watoto wa shule kwa mkono mmoja. Ndipo tukampeleka mzee zahanati, na bado chupa ya maji mkononi, tukimwosha njiani. Tabibu ni yuleyule. Aliuliza swali lilelile, na safari hii kijana ndiye aliyejibu. Mzee alirudi kazini kwake Jumatatu, anaona vizuri.

Fundi mwenzangu, mvuvi, mama mwenye betri ya taa chini ya kitanda, mwalimu mwenye kabati la sola ofisini: nenda ukaitazame leo. Kama ubavu umetuna, kama kona ina ufa au unyevu, kama ilinuka mayai viza ikiwa kwenye chaji, usiichaji tena na usiipasue. Zima umeme ukutani, fungua milango, watoto wakae mbali, kisha mwite anayejua. Ikiwaka moto, toka nje na piga 114, Zimamoto. Na kama karibu na chaja yako hakuna maji ya kumwosha mtu dakika 20, usiwashe chaja hiyo mpaka umeyachota.